Mahali Patakatifu katika Nchi ya Ihangiro

Msafiri apitaye kwa chombo katika Ziwa Viktoria, akiviacha nyuma visiwa vya Bumbire na Goziba na kuelekeza macho yake magharibi, huona mbele yake kuta za mawe ya mchanga zilizosimama juu ya maji, moja nyuma ya nyingine, zikienda kaskazini na kusini kama matuta ya shamba la jitu. Juu ya kuta hizo, mahali ambapo mgeni asingedhani kwamba pana kitu ila nyasi na upepo, iko nchi ya migomba na mibuni iliyosongamana hata nyumba hazionekani. Hiyo ndiyo Ihangiro. Nshamba imo humo, si mbali na Rubya, katika Wilaya ya Muleba ya Mkoa wa Kagera. Zamani za utawala wa Waingereza Ihangiro ilikuwa mojawapo ya madola manane ya Bukoba, pamoja na Karagwe, Kianja, Maruku, Kyamutwara, Bugabo, Kiziba na Misenye. Na kila dola lilikuwa na Mukama wake, ngoma zake na makaburi yake.

Makaburi hayo, na mahali pengine palipoendewa kwa ibada, ndiyo mambo ninayotaka kuyazungumza hapa. Si kwamba historia ya Uhaya haikuandikwa. Mjerumani Hermann Rehse alitoa kitabu chake juu ya Kiziba mwaka 1910. Padre Césard akafuata katika miaka ya 1930. Francis Xavier Lwamgira, Mhaya mwenyewe, akaandika habari za Kiziba na Bakama wake kwa lugha ya Kihaya, kikatoka mwaka 1949. Na Israel Katoke akatupa historia ya dola la Karagwe mwaka 1975. Walakini mwenye kuvisoma vitabu hivi huona kwamba aghalabu habari ni za watu: nani alimzaa nani, nani alimshinda nani, nani alikimbia. Mahali hutajwa kama vile mkeka unavyotajwa katika habari za karamu. Nami naona kwamba katika Uhaya mambo yalikuwa kinyume. Mahali ndipo palipokuwa kitabu, na watu walikuwa wasomaji wake. Mahali palipoharibika, masimulizi nayo yalibaki bila pa kushika.

Watu wa Himalaya wana bahati moja ambayo sisi hatuna. Mahali pao pa hija panajulikana ulimwengu mzima kwa sababu pana kimo kinachotisha. Mlima Kailash wa Tibeti una mita 6,638, wala mahujaji hawaupandi. Huuzunguka kwa miguu, mwendo wa kilomita 52 hivi, na kuuzunguka huko ndiko ibada yenyewe. Hekalu la Kedarnath, upande wa India, liko juu zaidi ya mita 3,500, na njia yake ni ya barafu na maporomoko. Mtu akiona picha za mahali hapo hana haja ya kuambiwa kwamba ni patakatifu. Kwetu si hivyo. Maji ya Ziwa Viktoria yako kama mita 1,134 juu ya bahari, na vilima vya Ihangiro vimepanda juu ya maji hayo mita mia kadhaa tu. Hakuna theluji wala kilele cha kumfumba mtu kinywa. Mahali petu patakatifu palikuwa mti, au jiwe, au kisima, au tuta la udongo lililoezekwa nyasi, na mgeni angeweza kupita hapo akila ndizi asijue alipopita. Ndiyo maana yametoweka kwa urahisi.

Kwanza nieleze nchi yenyewe, kwa kuwa bila hiyo mengine hayatafahamika. Mvua hutoka ziwani. Mji wa Bukoba hupata kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, lakini kadiri mtu anavyokwenda magharibi akivuka tuta baada ya tuta, mvua hupungua, hata nyuma ya matuta ya mwisho haifiki 1,000. Udongo wa mawe haya ya mchanga ni dhaifu mno; mvua nyingi imeusafisha hata hauna nguvu. Sehemu iliyoachwa katika hali hiyo Wahaya huiita rweya, nayo ni mbuga ya nyasi tupu. Sehemu iliyofanywa shamba ni kibanja. Baina ya rweya na kibanja hapana tofauti ya udongo wa asili. Tofauti imeletwa na mikono. Ng'ombe walilishwa rweyani na kulazwa nyumbani, samadi yao ikatiwa katika migomba. Nyasi zilikatwa rweyani zikatandazwa chini ya mibuni. Na kazi hiyo ikaendelea kizazi hata kizazi, hata penye mchanga pakawa peusi na laini. Kwa hiyo mtu anayesifu uzuri wa asili wa Nshamba anasifu, pasipo kujua, jasho la watu waliokwisha kufa. Ni uzuri uliofanywa, na usipotunzwa hurudi kuwa rweya. Tauni ya ng'ombe ya miaka ya 1890 ilipowamaliza wanyama, vibanja vilidhoofika. Na ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulioonekana Kagera mwaka 2006 ulikumbusha tena jinsi kijani hiki kisivyo na amana.

Na katika kibanja ndimo walimozikwa hao wenye jasho. Mhaya hakuwa na makaburi ya kijiji. Baba alizikwa kwenye migomba yake, karibu na nyumba ya msonge aliyoijenga, na mwana aliyerithi kibanja alirithi kaburi. Hapo alimwaga rubisi, hapo aliweka buni. Buni zenyewe zilikuwa kitu cha heshima kabla hazijawa kitu cha mnada: zilichemshwa pamoja na majani, zikakaushwa, zikatafunwa, na mgeni aliyekaribishwa alipewa katika kijikapu, na katika kufunga undugu wa damu watu wawili waligawana buni mbili zilizokaa pamoja katika tunda moja. Kwa hiyo mahali patakatifu pa kwanza pa Ihangiro hapakuwa juu ya kilima wala ndani ya msitu. Palikuwa nyuma ya nyumba. Jambo hili litakuwa na maana kubwa mbele katika maelezo yangu.

Hapa sina budi kusimama kidogo juu ya maneno, nayo ndiyo kazi yangu. Neno hija tumelipata kwa Waarabu pamoja na dini ya Kiislamu, na lilikuwa la safari ya Makka tu hata Wakristo walipolichukua kwa safari zao. Ziara na kuzuru ni ya Kiarabu pia, nayo katika pwani hutumika kwa kwenda kwenye makaburi ya watu wema. Kabla ya hayo watu wa pwani walikuwa na neno lao la Kibantu, mzimu, na katika matumizi yao ya zamani lilikuwa jina la mahali: pango, au mbuyu, au gofu ambako watu walipeleka ubani na vitambaa, mtu alikwenda mzimuni. Mhaya naye anasema omuzimu, lakini kwake ni roho ya mtu aliyekufa, si mahali. Neno ni moja, asili ni moja, lakini Mswahili wa zamani alitazama pango na Mhaya alitazama aliyemo. Kwa hiyo mwandishi akisema mzimu wa Wamara, msikilizaji wa Pemba huenda akafikiri jiwe na yule wa Bukoba akafikiri kivuli. Kiswahili cha leo kimefuata maana ya Kihaya, mzimu umekuwa kiumbe cha kutisha watoto, na ile maana ya mahali imebaki kwa wazee wa pwani na katika kamusi. Nimesema mahali patakatifu ijapokuwa najua harufu ya Biblia iliyomo, kwa sababu sikupata neno jingine ambalo wote watalifahamu.

Wamara niliyemtaja ni mkubwa wa wale waitwao Bachwezi, ambao masimulizi yanasema walitawala nchi hizi za maziwa kabla ya ukoo wa Bahinda. Pamoja naye hutajwa Mugasha, mwenye ziwa na dhoruba, ambaye wavuvi hawakuthubutu kumsahau. Irungu, mwenye pori na wawindaji. Kazoba, wa jua na mwezi. Na Nyakalembe, aliyetegemewa na wanawake. Watumishi wao waliitwa embandwa, nao walipandwa na roho hizo na kusema kwa kinywa chao. Yasimuliwa kwamba Wamara na wenzake walishuka chini ya ardhi katika nchi ya Kintu, naye akawapokea vizuri, akawapa ng'ombe na mbuzi na mbegu wazipeleke duniani. Waliporudi, watu wakafurahi, mifugo ikazaa, mashamba yakajaa, na katika furaha hiyo Wamara akasahau kupeleka shukrani. Ndipo Kintu alipomtuma Rufu, yaani Mauti, kuja kudai. Tangu siku hiyo deni linalipwa.

Sipendi desturi ya kugeuza kila hadithi kuwa falsafa. Lakini yafaa tuone kwamba hadithi hii inaeleza kwa nini Mhaya alikwenda kwenye mahali patakatifu. Hakwenda kutafuta wokovu wa roho yake wala kuvutwa na uzuri wa mandhari. Alikwenda kulipa. Alichukua rubisi, buni, au mbuzi kwa sababu alichokuwa nacho nyumbani kilikuwa cha kupewa. Hapo ndipo ibada hii inapoachana na hija ya Kailash, na pia na hija ya Kikristo iliyokuja baadaye, ambapo hujaji mara nyingi huenda kuomba.

Bahinda walipopata utawala hawakuifuta ibada ya Bachwezi. Waliikalia. Bakama wa Karagwe, wa Ihangiro na wa Kyamutwara ya zamani walihesabu ukoo wao tangu Ruhinda, na kila mmoja alijenga kikale chake, yaani jumba la enzi, pamoja na nyumba za ngoma na za embandwa. Mwezi ulipoandama palikuwa na sherehe za kuufanya utawala upya. Mukama alipokufa alipata gashani yake, mahali palipotengwa, penye walinzi waliopewa kibanja kwa kazi hiyo, na katika nchi hizi taya la mfalme ndilo lililohifadhiwa kwa heshima kuu. Msomaji aliyefika Kampala atakumbuka makaburi ya Kasubi, ambayo nyumba yake kuu iliteketea kwa moto tarehe 16 Machi 2010, na ambayo kwa kujengwa upya yaliondolewa mwaka 2023 katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Gashani za Uhaya ni ndugu wa Kasubi walio maskini. Zikianguka hazitangazwi.

Lakini mahali panapotufundisha kuliko pote si katika Ihangiro yenyewe. Pako Katuruka, katika Maruku, kusini ya mji wa Bukoba, kwenye dola lililokuwa jirani. Huko wazee walisimulia habari za Rugomora Mahe, Mukama wa Kyamutwara wa karne ya 17 kwa hesabu za wanahistoria. Walisema mfalme huyo alitaka kujua mbingu zikoje, akawakusanya wahunzi wa nchi, akawaamuru wamjengee mnara wa chuma wa kufika juu. Wahunzi wakafua na kufua. Mnara ukapanda, kisha ukaanguka. Msomaji wa Biblia atasema mara moja kwamba hii ni Babeli iliyoletwa na wamisionari. Yamkini ndivyo ningalisema nami, kama isingalikuwa kwamba wazee hawakusimulia hewani. Walionyesha. Walisema hapa ndipo mguu wa mnara uliposimama, na pale, chini ya mti mkubwa uitwao Kaiija, ndipo wahunzi walipofua. Kaiija maana yake ni mahali pa kiwanda cha mhunzi.

Mwaka 1969 alifika mwanafunzi wa Kimarekani, Peter Schmidt, akakaa na wazee hao, akaandika maneno yao, na kisha akafanya jambo ambalo wanachuo wengi wa wakati ule wangeliona upuuzi: akachimba pale walipomwambia. Chini ya maneno ya wazee akakuta mabaki ya kazi ya chuma, taka za tanuri, na vyungu vya namna iitwayo Urewe, ambavyo ni vya watu wa kwanza wa chuma katika nchi za maziwa. Makaa yalipopimwa yalitoa miaka ya kale mno, mengine yakifika karne kadhaa kabla ya kuzaliwa Kristo. Si wote waliokubali miaka hiyo. Wako waliosema kwamba makaa ya mti mzee hudanganya, maana mti huweza kuwa umekufa zamani kabla haujatiwa motoni. Hata tukiwapa haki yao, shabaha haipotei. Rugomora Mahe aliishi karne ya 17. Moto wa Kaiija uliwaka zaidi ya miaka elfu moja kabla yake. Watu walikuwa wamelibeba jina la kazi hiyo, na mahali pake, kwa muda ambao hakuna kitabu cha lugha ya Kibantu kilichoubeba.

Basi ule mnara ulikuwa nini? Schmidt mwenyewe ameeleza, katika kitabu chake cha mwaka 1978 na baadaye, kwamba Bahinda walikuwa wageni wenye kutafuta haki ya kutawala, na Rugomora alipojenga kikale chake juu ya mahali pa kale pa wahunzi alikuwa akijitwalia utakatifu uliokuwapo kabla yake. Chuma kilikuwa cha Bachwezi. Mfalme akakifanya chake. Hadithi ya mnara ikaunganisha ya kale na ya karibu katika jina moja. Naona maelezo haya ni ya kweli, na tena yana faida kupita mipaka ya Katuruka, kwa sababu yanatupa kanuni ya kusomea mahali pengine: mwenye nguvu mpya hatafuti mahali papya. Hutafuta mahali ambapo watu wamekwisha kuzoea kuinama.

Mwaka huo huo wa 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery walitangaza katika jarida la Science majaribio waliyoyafanya pamoja na wazee wa Kihaya walioikumbuka kazi ya kuyeyusha chuma. Walidai kwamba hewa ya mivukuto ilipata moto kabla ya kufika katikati ya tanuri, na hivyo joto likapanda sana. Wanasayansi wamebishana juu ya dai hilo miaka mingi, nami si mjuzi wa matanuri. Ninachokiona muhimu ni kwamba wazee wale walikuwa hai, walikuwa na mikono, na waliweza kuulizwa.

Dini ya Kikristo iliingia kwa mlango wa vita. Bukoba ilikuwa imekwisha kuwa kituo cha Wajerumani, kilichoanzishwa na Emin Pasha mwaka 1890. Mapigano ya Mengo ya Januari 1892 yaliwatawanya Wakatoliki wa Buganda, na Mapadre Weupe wakashuka kusini pamoja na Askofu Hirth, wakaanza misheni ya Kashozi mwaka huo. Kashozi kwa Kihaya ni kilima kidogo. Walutheri nao walitangulizwa na wasomaji waliotoka Buganda, kisha Misheni ya Betheli ikafika mwaka 1910, na Ndolage katika nyanda za Kamachumu ikawa na hospitali yake. Sisemi kwamba kila kanisa limejengwa juu ya mzimu. Jambo hilo halijachunguzwa, na watu wanaolisema kwa uhakika wanasema zaidi ya wanayoyajua. Lakini makanisa yalipewa ardhi na Bakama, yalichagua vilima, na yalidai kimya kwa embandwa. Kanuni ya Katuruka yafaa kukumbukwa.

Rubya, jirani ya Nshamba, ilipata sifa yake kwa njia hiyo. Seminari yake ni miongoni mwa za kwanza katika nchi hii, na mwaka 1917, vita vya Wazungu vikiwa havijaisha, mapadre wanne Waafrika walipewa daraja huko, wa kwanza katika nchi yetu. Katika seminari hiyo alisoma Laurean Rugambwa, aliyezaliwa Bukongo, nyanda za Kamachumu, tarehe 12 Julai 1912. Alipata upadre mwaka 1943, akawa askofu, na tarehe 28 Machi 1960 Papa Yohane wa 23 akamfanya kardinali, Mwafrika wa kwanza wa nyakati hizi kupata cheo hicho. Alikuwa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam tangu 1968 hata 1992, akafariki tarehe 8 Desemba 1997. Alizikwa kwanza Kashozi, kwa kuwa kanisa kuu la Bukoba lilikuwa bado likijengwa upya. Na mwezi Oktoba 2012 mwili wake ulihamishwa kwa maandamano makubwa ukalazwa ndani ya kanisa hilo. Tangu hapo watu huenda. Wengine huenda Nyakijoga, katika parokia ya Mugana, kwenye kituo cha hija cha Bikira Maria wa Lurdi. Na wengine huvuka mpaka kwenda Namugongo kila tarehe 3 Juni kuwakumbuka mashahidi wa Uganda waliochomwa mwaka 1886. Mwanahistoria akitazama maandamano ya 2012 hawezi kukosa kuona kwamba nchi iliyokuwa na gashani ilijua bila kufundishwa namna ya kumpeleka mkubwa wake mahali pake.

Utawala wa Bakama ulikoma mwaka 1963, Tanganyika huru ilipoondoa mamlaka ya machifu. Sitaki kulilia enzi hiyo. Ilikuwa na unyonyaji wake, na Wahaya wa nyarubanja, walioishi kwenye ardhi ya bwana na kumlipa kodi, wanajua zaidi kuliko washairi wa kikale. Lakini sheria ilipoondoa machifu iliondoa pia, bila kukusudia, walinzi wa gashani waliopewa vibanja kwa kazi hiyo. Ulinzi uliokuwa wajibu ukawa hiari.

Hata hivyo kumbukumbu ingaliweza kudumu kwa muda, maana palikuwa na wazee, na palikuwa na waimbaji wa nanga, ambao tenzi zao za Rukiza na Kachwenyanja Profesa Mugyabuso Mulokozi alizikusanya na kuzichambua kwa bidii kubwa. Lililovunja mnyororo ni maradhi. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI wa Tanzania walitambuliwa katika Mkoa wa Kagera. Uchunguzi wa mwaka 1987 uliona kwamba katika mji wa Bukoba watu wazima 24 kwa kila 100 walikuwa na virusi. Walikufa kina baba na kina mama wa umri wa kati, yaani wale hasa ambao wangalisikia kwa wazee na kuwapa watoto. Nshamba ikajulikana hata Ulaya, si kwa ngoma zake wala kwa milima yake, bali kwa bibi vizee waliobaki na wajukuu wengi ndani ya nyumba moja. Bibi wa namna hiyo alikuwa na kazi ya kutafuta chumvi na daftari. Hakuwa na jioni za kusimulia. Schmidt aliporudi Katuruka katika miaka ya 2000 aliona pengo hili kwa macho yake, na ameandika kwamba wenye maarifa aliowafahamu walikuwa wamekwisha. Ni wanakijiji wa Katuruka wenyewe, wakiongozwa na watu wachache waliojali, waliotaka mahali pao patengenezwe upya na paonyeshwe wageni.

Juhudi hiyo naiheshimu, lakini nina wasiwasi na namna mbili za kuutunza urithi zinazopendwa leo. Ya kwanza ni ya utalii. Serikali imeongeza hifadhi za taifa katika mkoa huu, Burigi-Chato, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, zote mwaka 2019, na ni vizuri twiga wapate pa kukaa. Lakini wanaotaka kila kilima kiwe na barabara na hoteli wasome habari za Kedarnath. Mwezi Juni 2013 mafuriko yalishuka bonde lile na kuua maelfu ya watu, na wataalamu wengi walisema hasara ilizidi kwa sababu majengo ya kuwapokea mahujaji yalisongamana kandokando ya mto. Ya pili ni ya makumbusho: kuchukua ngoma, mkuki na kijikapu cha buni na kuvitia katika kabati ya kioo mjini. Kitu huweza kuhamishwa. Kaiija haihamishiki. Kama wazee wa 1969 wangalikuwa na kabati tu, Schmidt angalichimba wapi?

Shida ya kweli ya Ihangiro iko nyuma ya nyumba, pale nilipoanzia. Vibanja vimegawanywa vipande vipande baina ya warithi. Yatima wa miaka ya 1990 wengine walipokonywa na wajomba au baba wadogo, wengine wakauza wakaenda Mwanza na Dar es Salaam. Kibanja kinapouzwa, kaburi la babu linabaki katika mikono ya mtu asiyemjua. Wako wanaoandika katika mapatano kwamba sehemu ya makaburi haiuzwi. Wako wanaohamisha mifupa. Na wako wasiosema kitu, mnunuzi akalima. Ugomvi wa namna hii hufika barazani kama kesi ya ardhi, na hakimu hupima hatua. Hauitwi historia, ingawa ndiyo historia iliyobaki.

Nimewashauri wanafunzi wangu wanaotafuta mada za tasnifu waache kwa muda riwaya zilizokwisha kuchambuliwa mara ishirini, waende Ihangiro na daftari. Waanzie Nshamba, wapande hata Rubya na Kamachumu, kisha washuke hadi kwenye maji yanayotazamana na Bumbire. Kila kilima, kisima, mti na jiwe lenye jina waliulize: laitwaje kwa Kihaya, jina lina maana gani, nani alikuwa na kibanja cha kulilinda, watu walipeleka nini, na kwa nani, na lini waliacha. Waandike na majina yasiyo na hadithi, kwa kuwa Kaiija nayo ingaliweza kuandikwa hivyo na mtu mwenye haraka. Nao waanze na nyumba zenye bibi.